Bromini Inatoka

4 Machi

Nimestaafu tangu Desemba, na leo ndiyo mara ya kwanza tangu hapo kuandika tarehe juu ya ukurasa. Miaka thelathini na sita nimeiandika ubaoni kila asubuhi, watoto arobaini na kitu wakainakili. Sasa naiandika mezani, mvua inagonga bati, na hakuna anayenakili.

Nyumbani tuko watatu. Mzee wangu, mwoka mikate, anayeondoka alfajiri na kurudi mchana akiwa na unga mpaka kwenye nyusi. Mimi. Na mkamwana wetu, mke wa kijana wangu wa pekee. Kijana kamwachia mimba ya miezi mitano, akapanda meli ya mizigo kama fundi mitambo, na mkataba wake unakwisha Juni.

Msichana anafanya kazi kwenye karakana ya magodoro, anakata sponji. Ni mtulivu na wa polepole mno. Ukimwuliza jambo, swali linaingia, linakaa humo, halafu jibu linadondoka tone tone kama umemkamua. Kwa hiyo moyoni namwita Sponji. Juzi limenitoka mdomoni mbele yake. Alicheka, eti limempendeza.

7 Machi

Nimetoka kwa Mtaalamu, yule muuza matone ya iodini. Darasa lake liko ghorofani, juu ya duka la miwani: viti vya plastiki ishirini na ubao mweupe. Mimi si mwepesi wa kumsifu mwalimu mwenzangu, lakini huyu anajua kufundisha. Alipanga viti sita mbele akawaita watu sita wakae. Hawa, akasema, ni iodini, yale madini joto ya kwenye chumvi, na viti ni tezi ya shingoni. Kisha akaita wengine sita, akawaambia wajibane kwenye viti hivyo hivyo mpaka wa kwanza wakateremka sakafuni. Hao ni bromini. Wanafanana na iodini kama watoto wa ndugu wawili, na mwili unawafungulia mlango bila kuuliza. Wamo kwenye mkate, kwenye magodoro, kwenye plastiki ya simu na televisheni. Dawa yake ni kuleta iodini nyingi mpaka wale wengine wakose pa kukaa.

Nikamwuliza, na mtu akijisikia vibaya baada ya kuanza matone? Alitabasamu kama aliyelingojea swali hilo. Akiumwa kichwa, bromini inatoka. Akitokwa na vipele, bromini inatoka. Akichoka, inatoka nyingi.

Mimi natumia mwezi wa pili sasa, tone moja kila asubuhi. Nywele zilizokuwa zikikatika zimetulia.

9 Machi

Mvua kutwa. Nimepanga kabati la vyombo. Sponji kavunja kikombe.

11 Machi

Nilikuwa na mdogo wangu wa kike. Sijawahi kuandika habari zake popote.

Tulikozaliwa chumvi ilikuwa ya kuchimba, haina kitu ndani yake, na wanawake wengi walikuwa na rovu, ule uvimbe wa shingo. Mama alikuwa nalo. Mdogo wangu alizaliwa mzito. Alitembea akiwa na miaka minne, na maneno yake sidhani kama yalifika hamsini. Wageni wakija alifungiwa chumba cha nyuma. Siku moja wanafunzi wenzangu walimwona uani wakaniuliza ni nani, nikajibu ni mtoto wa mfanyakazi wetu. Alikuwa amesimama pale pale, anasikia. Alitabasamu kwa sababu nilikuwa nimemtazama.

Alikufa kwa homa, miaka kumi na mmoja.

Sitakuwa na mjukuu mzito. Mama yake anatosha. Leo nimeanza kumpa Sponji matone, mawili kwenye glasi ya maji. Aliuliza ni ya nini, nikamwambia ni ya akili ya mtoto. Akanywa yote, akasema ina ladha ya msumari, akaosha glasi na kuifunika.

16 Machi

Leo nimefanya lililopaswa kufanywa. Mzee anatia kwenye unga poda nyeupe inayoitwa dawa ya mkate. Mkate ukiipata unaumuka haraka na kusimama wima kama kofia ya polisi. Wiki iliyopita nilisoma maandishi ya kwenye kopo: bromati. Kumbe miaka yote hii bromini ninayoikimbia nimeolewa nayo.

Nilifika kwenye tanuri saa nne, foleni ikiwa imejaa mpaka barazani. Nikachukua kopo lililofunguliwa na la akiba, nikayamwaga mtaroni mbele ya watu, na kwa sauti ya darasani nikawaeleza walichokuwa wakila. Wafanyakazi wawili wa Mzee walitazama sakafu. Poda ilikuwa imenirukia mkononi. Mzee akanishika mkono, akanifuta kwa aproni yake kidole kimoja kimoja, akasema taratibu:

"Mwalimu, ungeniambia chumbani."

17 Machi

Mikate imetoka bapa kama kandambili. Wateja wamehamia kwa mwokaji wa stendi.

29 Machi

Mzee kagundua kwamba akikanda jioni na kuuacha unga uumuke wenyewe taratibu mpaka alfajiri, mkate unasimama bila poda, na harufu yake inafika barabarani. Foleni imerudi, ndefu kuliko zamani. Mshonaji wa jirani kanisimamisha kunipongeza, anasema tumbo lake lililokuwa likiunguruma limenyamaza.

Nilikuwa sahihi. Sina haja ya kuliremba: mimi peke yangu niliona, nikasema, nikawa sahihi.

Nimempandishia Sponji matone. Sasa ni manne.

3 Aprili

Nimekwenda kwenye karakana ya magodoro. Vumbi la sponji limejaa hewani, wasichana wamejifunga vitambaa puani. Nilimweleza msimamizi kwamba kwenye sponji wanatia dawa ya kuzuia moto, dawa ya moto ina bromini, na mkamwana wangu haji tena. Msimamizi alisikitika kwa dhati. Aliniambia huyu binti ana jicho la rula. Wenzake wanapima, wanachora, wanakata na bado wanakosea, yeye anatazama tu na kukata, na kipande kinaingia. Nilimjibu kwamba rula ni za bei ndogo, anunue.

Sponji alikuwa amesimama nyuma yangu na mkasi mkononi. Tulipokaribia nyumbani, akasema:

"Mama, nilikuwa naipenda ile kazi."

Nikamwuliza anapenda nini zaidi, sponji au mwanawe. Swali likaingia, likakaa. Jibu halikutoka.

5 Aprili

Godoro lake nalo ni la sponji. Nimeliburuta nje, mvua imelilowesha hadi ndani, sasa halifai. Nimempa mkeka. Langu nimeliacha, ni la miaka kumi na minane, bromini yake ilikwisha zamani.

6 Aprili

Mzee kakaa barazani mchana mzima anashona magunia matupu ya unga kwa sindano ya viatu, kajaza matambara, kampelekea Sponji alalie. Nikamwambia anafanana na fundi viatu aliyefilisika. Akaendelea kushona.

13 Aprili

Simu ya Sponji nimeichukua. Plastiki yake imejaa bromini na yeye alikuwa anaiweka juu ya tumbo, eti mtoto asikie sauti ya baba yake akipiga kutoka bandarini. Nimeifungia kwenye sanduku langu. Kijana akipiga atapiga kwangu, nami nitamweleza hali.

Alinikabidhi mwenyewe, kwa mikono miwili.

19 Aprili

Kijana kapiga. Nimemwambia mkewe amelala. Alikuwa jikoni anaosha masufuria.

21 Aprili

Vipele usoni na mgongoni. Fizi zinamwuma, pua inachuruzika, na mate yake anasema ni machungu. Anasikia baridi wakati mimi natokwa na jasho. Uso umejaa, macho yamekuwa madogo. Jana alisinzia ameketi, kisu na kitunguu mkononi. Nilimwambia akitaka kulala asubiri nimalize kumtukana. Alicheka, lakini kicheko nacho kilichelewa.

Nimekwenda kwa Mtaalamu. Alinisikiliza, akanipa pole, kisha akanipa hongera. Inatoka nyingi, alisema, msichana wa magodoro amebeba bromini ya miaka. Tusirudi nyuma.

Sasa ni matone sita.

28 Aprili

Sponji kaenda kliniki ya wajawazito, kachelewa kurudi. Kumbe nesi alimshika shingo, akamwuliza anameza nini, na huyu mjinga alikuwa na chupa kwenye mkoba. Karudi na bahasha iliyofungwa, juu yake imeandikwa: Kwa Mwalimu.

Nesi mwenyewe namjua. Nilimfundisha darasa la nne. Alikuwa haandiki sentensi mbili bila kosa.

"Nesi kaniambia nisinywe tena mpaka wewe usome," akasema Sponji. Akasimama mlangoni kungoja, mikono juu ya tumbo.

Nikaisoma. Nanakili yote hapa.

"Mwalimu wangu mpendwa, shikamoo. Nakuomba kwa heshima zote usimamishe matone leo hii. Madini joto ni muhimu kwa mjamzito, ulitufundisha wewe mwenyewe, lakini chumvi ya dukani na vidonge vya kliniki vinamtosha. Tone moja la chupa hii lina madini ya karibu mwezi mzima. Yakizidi hivi tezi inafunga kazi, ya mama na ya mtoto pia. Shingo yake imeanza kuvimba, na naogopa ya mtoto. Bromini haitolewi hivi. Hivyo vipele ni vya dawa yenyewe. Tafadhali njoo naye Jumatatu apimwe damu. Mwanafunzi wako."

Katika barua ile nilikuta makosa saba. Nilichukua kalamu nyekundu nikayasahihisha yote, herufi kwa herufi. Mkono ulifanya wenyewe. Sponji bado alikuwa mlangoni.

"Anasemaje, Mama?"

Nikamwambia nesi anatusalimu, anasema tumefanya vizuri, ila tupunguze hadi matano.

Alishusha pumzi. "Nilijua," akasema. "Nikamwambia, Mama hawezi kukosea kitu cha kusoma."

29 Aprili

Niandike ukweli, maana kitabu hiki ni changu. Barua niliielewa. Niliielewa mara ya kwanza, kabla sijashika kalamu. Sikumwamini Mtaalamu kuliko nesi. Hilo lingekuwa ujinga tu, na ujinga husameheka. Ni kwamba nikisimamisha leo, itabidi niseme kwa nini. Itabidi nimwambie Mzee, ambaye nilimwaibisha mbele ya foleni. Itabidi nimrudishie huyu msichana godoro, kazi na simu, kimoja kimoja, na kila kimoja nitakitoa kwa mkono wangu, yeye akinitazama na vile vijicho vyake.

Nimempa matano asubuhi. Kanywa.

5 Mei

Jumatatu. Sponji anasema nesi alimwambia arudi leo, lakini barabara ya kliniki imejaa maji hadi magotini. Mzee alisema atamkokota kwa mkokoteni wa mikate, akaanza kuufuta. Nikasema hali hii mjamzito hatoki nyumbani. Mzee akautazama mkokoteni, akanitazama mimi, akaurudisha.

8 Mei

Mvua.

9 Mei

Mvua. Matano.

17 Mei

Leo Sponji alitandika shuka kuukuu mezani ili akate nguo za mtoto. Nilileta rula na chaki. Hakuvigusa. Alizunguka meza mara moja, mkono mmoja kiunoni kwa uchovu, akakata. Vipande kumi na viwili. Alipotoka nikaja na rula, nikavipima vyote yeye hayupo. Mikono ililingana na mikono, shingo zililingana na shingo, hakuna hata upana wa uzi uliozidi.

Miaka thelathini na sita nimeita watoto wazito kwa sababu midomo yao ilichelewa. Wangapi walikuwa na jicho kama hili, nami nikawaketisha nyuma wafute vumbi?

Nilimkuta uani nikamwambia kazi yake ni nzuri. Uso wake uliojaa ulibadilika wote. Alishindwa aweke wapi mikono.

Jioni nilimimina maji kwenye glasi, nikashika chupa, nikafikiri: nimpe maji matupu, asijue. Lakini angejua kwa ladha. Angeuliza. Nikatia matano.

26 Mei

Mtaalamu kafunga darasa. Mwenye duka la miwani hajui alikokwenda. Viti vyote vimeondolewa, ubao mweupe kauacha, umeandikwa bado.

Ninazo chupa mbili.

9 Juni

Mvua imepungua. Uchungu umemshika Sponji alfajiri, wiki mbili kabla ya siku zake. Mzee kamkokota kwa mkokoteni mpaka hospitali, mimi nikitembea pembeni na mwavuli. Nimerudi kuchukua nguo, ndiyo nimepata nafasi ya kuandika.

11 Juni

Nimekaa uani, jua limetoka. Nitaandika yote.

Mtoto ni wa kiume. Alitoka juzi adhuhuri. Hakulia, alikoroma. Shingoni, chini ya kidevu, ana uvimbe mkubwa kama ngumi ya mtoto mwenzake, umesukuma kichwa nyuma hata hawezi kuinamisha. Hewa inapita kwa shida, inapiga filimbi. Walimnyakua kabla mama yake hajamshika, wakampeleka chumba cha mashine.

Nilikuwa nimeiona shingo ile kabla. Siyo kwa mtoto mchanga, lakini niliijua.

Daktari ni mwanamke mfupi, anazungumza upesi. Alikuja kitandani kwa Sponji na karatasi, nami nimeketi pale. Akauliza kama mama alikuwa na ugonjwa wa tezi, kama kuna mtu wa ukoo mwenye rovu, kama kuna dawa yoyote aliyotumia katika ujauzito, ya hospitali au ya kienyeji, kidonge, unga, maji, chochote. Sponji hakumjibu daktari. Alinigeukia mimi. Midomo yake ilikuwa mikavu, nywele zimemganda kipajini, na akaningoja nijibu kama anavyoningoja siku zote.

"Hakuna," nikasema. "Chumvi ya kawaida tu."

Daktari akamwuliza tena yeye mwenyewe. Sponji akasema, "Mama ndiye anajua."

Basi wakaanza kutafuta. Wakampiga picha mtoto, wakadhani ni uvimbe mwingine, wakaongea habari ya kumpasua. Damu waliyomtoa ilipelekwa maabara ya mbali na majibu yangechukua siku. Juzi ikapita, jana asubuhi ikapita. Mimi nilikaa kwenye benchi la koridoni. Mara tatu niliinuka. Mara ya tatu nilifika mpaka mlangoni kwa daktari, mlango ulikuwa wazi, anakunywa chai, akaniuliza kwa upole, "Unasemaje, bibi?" Nikamwuliza choo kiko wapi.

Jana saa nane Mzee alikuja. Alikuwa amekwenda nyumbani kutafuta kadi ya kliniki iliyosahaulika, akaitafuta sandukuni mwangu. Hakuikuta. Alikuta simu ya mkwewe, na chini yake bahasha.

Mzee husoma polepole, midomo ikicheza. Alikuwa ameisoma njiani, anatembea. Unga ulikuwa umemkauka kwenye mikunjo ya shingo kwa jasho. Hakunipigia kelele. Aliiweka barua mapajani mwangu, akaweka kidole juu ya wino mwekundu.

"Umesahihisha," akasema.

Nilikitazama kile kidole.

"Nilikuwa nasoma, nikasema labda hakuielewa. Nikafika hapa." Kidole kikagonga mara mbili. "Umesahihisha, Mwalimu."

Akaichukua barua akaingia nayo kwa daktari bila kubisha hodi.

Mambo yalikwenda haraka baada ya hapo. Wakajua wanashughulika na nini. Habari ya kupasua ikafutwa. Walimwekea mtoto mrija wa hewa, wakamsagia kidonge kidogo cha kufanya kazi ya tezi iliyolala. Daktari alitoka koridoni akasimama mbele yangu. Alisema uvimbe utanywea wiki hadi wiki, na huenda tezi ikaamka yenyewe. Alisema kidonge kilipaswa kuanza saa ile ile alipozaliwa. Alisema ubongo wa mtoto mchanga unaihitaji tezi kila siku, na hawezi kujua zile wiki tumboni na hii siku nzima iliyopita vimechukua nini. Halafu akaniuliza nilikuwa nafanya kazi gani, nikamwambia.

Akageuka, akarudi chumba cha mashine.

Nesi, mwanafunzi wangu, alipita jioni. Aliniamkia shikamoo kama kawaida yake. Nilishindwa kuitikia.

13 Juni

Nimemkuta Sponji ameketi, anakamua maziwa kwenye kikombe ili mtoto anyweshwe kwa mrija. Mzee kamrudishia simu, iko juu ya mto. Barua iko chini ya simu. Kasomewa, au kasoma mwenyewe. Anasoma vizuri tu, sijui ni kwa nini nilidhani hawezi.

Nilikuwa nimetayarisha maneno. Akanitangulia.

Alisema bila kuacha kukamua, na safari hii hakuchelewa hata kidogo.

"Siku ile niliona unaandika juu ya barua. Nikadhani unamjibu nesi kumshukuru." Akabadilisha mkono. "Yale maji yalikuwa yananitapisha, Mama. Nikitoka hapo nakwenda nyuma ya choo, najiziba mdomo yasitoke. Nilikuwa nasema, akiona namaliza yote bila kunung'unika, iko siku atanipenda."

Kisha akauliza kama naweza kumpisha, anataka kulala.

20 Juni

Kijana karudi. Hakuja nyumbani kwanza, alipitia hospitali. Alikuja saa tano na mkokoteni wa baba yake, akachukua nguo za mkewe, zile nguo kumi na mbili za mtoto, na lile godoro la magunia. Nilimfuata chumba hadi chumba. Nilimweleza habari za mdogo wangu, mama yake mdogo asiyemjua, jinsi nilivyoogopa. Alinisikiliza mpaka mwisho, nimemlea vizuri.

"Ulikuwa unaniambia amelala," akasema. "Kila nikipiga. Mara kumi na moja."

Wamehamia kwenye chumba cha nyuma ya tanuri. Mzee kabeba mto wake na wembe wake, kaenda nao.

21 Juni

Jua. Nimeanika godoro langu.

2 Julai

Hakuna.

15 Julai

Mtoto ametoka hospitali wiki iliyopita. Nimeambiwa na mshonaji, ambaye naye aliniambia akiwa anafunga mlango.

Leo nimekwenda kununua mkate. Nilipanga foleni kama watu wengine, nyuma ya mzee mwenye bakora na mama mwenye kapu. Sponji ndiye aliye kaunta. Uso wake umerudi kuwa wake, vipele vimekauka, macho yamefunguka. Wateja wakitaka nusu mkate au robo, anatazama na kukata, hapimi. Mtoto yuko mgongoni, amefunikwa kitambaa, naona kisigino tu. Mzee alikuwa mdomoni mwa tanuri na koleo lake. Aliniona, akageuka kutazama moto.

Zamu yangu ikafika.

"Karibu, Mama. Mkate mzima au nusu?"

Ni sauti ile ile aliyompa mama mwenye kapu. Nikasema nusu. Akakata, akafunga kwenye karatasi. Nikamwuliza mtoto anaendeleaje. Akasema anakunywa kidonge chake kila asubuhi, shingo imenywea. Nikamwuliza, na akili? Nilisikia neno linavyosikika, lakini lilikuwa limeshatoka.

"Daktari kasema tusubiri. Akifika wakati wa kukaa, wakati wa kuita mtu kwa jina, ndipo tutajua."

"Mtaniambia?"

Alinisogezea mkate, akafuta makombo kaunta kwa kiganja mpaka pakawa safi. Kisha akatazama juu ya bega langu.

"Anayefuata," akasema.